Starlet ya shangazi na ile hofu ya inspeksheni: gari ndogo ya zamani huangukia wapi hasa?

Kuna maneno nayasikia kila siku hapa Bombo, Uganda, kwenye steji ya spesho (teksi za kukodi), kwa wauza mafuta, mpaka Kisekka nikienda kutafuta spea, kwamba gari ndogo ikishapita miaka ishirini usijisumbue kuipeleka inspeksheni, itaanguka tu, bora uuze mapema. Juzi shangazi yangu naye akaniambia vilevile. Ana Toyota Starlet, ameiendesha miaka mingi sana, inambebea nyanya na vitunguu kutoka soko la Wobulenzi na Jumapili inambebea wajukuu, na sasa amesikia watu wanasema serikali itarudisha ukaguzi wa kila mwaka kwa nguvu, anataka kuiuza haraka kabla haijageuka vyuma chakavu. Nikamwambia shangazi ngoja, usiuze bado, tuiangalie kwanza na fundi, kitu kwa kitu, kama inavyoangaliwa kituoni, halafu uamue. Haya ninayoandika yametoka kwenye hiyo siku nzima tuliyolala chini ya hiyo Starlet, pamoja na yale ambayo nimekuwa nikiyafuatilia kwa muda kuhusu hizi inspeksheni.

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu wanayachanganya yote kwenye sufuria moja halafu wanaogopa bure. Kuna sheria ya kuingiza gari nchini, kuna ukaguzi unaofanywa Japani kabla gari haijapanda meli, na kuna ukaguzi wa ubora wa gari ikiwa tayari iko barabarani hapa. Hivi ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Ile sheria ya miaka 15 ambayo kila mtu anaitaja ni ya kuingiza. Ilianza kufanya kazi Oktoba 2018, inasema gari iliyotimiza miaka 15 tangu itengenezwe haiingii tena Uganda, basi. Haisemi chochote kuhusu gari ambayo tayari iko hapa ina namba yake na inatembea. Sasa piga hesabu mwenyewe: Toyota walimaliza kutengeneza Starlet 1999, kwa hiyo hata ile ya mwisho mwisho leo imepita miaka 25, na hakuna Starlet yoyote inayoweza kuingizwa tena. Kikumi, yaani ile Corolla AE100 ya miaka ya tisini, vilevile. Vitz zile za kwanza za 1999 mpaka 2005, mlango wao nao ulishafungwa. Hizo zote mnazoziona Kampala na Luwero na Arua ni zile zilizoingia zamani, na ndio maana spea zao zinatafutwa sana na ndio maana swali la kama zinaweza kupita ukaguzi ni swali la watu wengi sana, sio la shangazi peke yake. Mwenye Starlet hawezi kwenda kununua nyingine iliyo mpya zaidi. Akiiuza hiyo anarudi kwenye boda au anaingia deni la gari ambayo kodi yake ya mazingira peke yake inaweza kumtoa machozi.

Ile karatasi ya Japani nayo, shirika la viwango UNBS linataka gari iliyotumika ikaguliwe huko inakotoka kabla ya kusafirishwa. Ni jambo zuri. Lakini hiyo karatasi inasema gari ilikuwa nzima siku ile, haijui umepiga mashimo mangapi tangu ilipotoka Mombasa ikapita Malaba. Nimeona mtu anamwonyesha askari wa trafiki karatasi ya Japani ya miaka kumi iliyopita kama vile ni cheti cha ubatizo, hakiishi muda. Kwa Wajapani wenyewe hakuna kitu kama hicho, gari ya mtu binafsi inapimwa ikifika miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na gharama za huo upimaji na kodi zake ni sababu mojawapo kubwa ya wao kuuza magari yakiwa bado mazuri, ambayo ndiyo tunayoendesha sisi huku.

Cha tatu ndio hiki chetu. Kwa ambao wamesahau, 2015 wizara ya ujenzi na uchukuzi iliipa kampuni ya SGS mkataba wa kupima magari, mwaka uliofuata vituo vikaanza, kimoja kikiwa Kawanda hapahapa kwenye barabara yetu ya Bombo, kingine Nabbingo ukienda Masaka, kingine Namulanda ukienda Entebbe. Malalamiko yakawa mengi, ya ada na ya mkataba wenyewe, 2017 Bunge likasimamisha. Watu wakachukulia kwamba basi, kupima gari kumeisha. Hapana. Sheria ya barabara ya 1998 bado iko palepale na kuendesha gari mbovu bado ni kosa, ndio ile mnaiita DMC, yaani gari yenye ubovu wa hatari, askari akiona tairi limeisha au gari inaenda upande anakuandikia. Na ukipata ajali, gari inaenda kwa IOV, mkaguzi wa magari wa polisi, anaipima kila kitu, na ripoti yake ndiyo inaamua mengi kwako baadaye. Kwa hiyo hata kama hakuna anayekuita kituoni mwaka huu, siku mbaya ikifika hiyo inspeksheni utafanyiwa tu, ila utakuwa umechelewa.

Sasa twende kwenye kitu ambacho mimi nataka watu wakielewe kuliko vyote. Mkaguzi hana mahali pa kuandika "gari hii ni ya zamani, imeanguka". Anapima kile gari ilichokuja nacho kutoka kiwandani, kama bado kinafanya kazi yake. Starlet nyingi za zamani hazikuja na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) wala eabegi (mfuko wa hewa wa ajali), basi hakuna anayeziuliza. Chukua Vitz au Passo ya juzi juzi, taa ya ABS inawaka kwenye dashibodi, taa ya eabegi inawaka, kwa nchi zinazofuata hii mitihani kwa ukali hapo imeshaanguka, na kuitafuta shida ya umeme kama hiyo ni mashine ya kompyuta na sensa na pesa. (Na wale wanaochomoa balbu ya dashibodi ili isiwake, mkaguzi anajua: ukifungua swichi hiyo taa lazima iwake kwanza halafu izime, isipowaka kabisa anajua kuna kitu kimefichwa.) Waingereza wana huu mtihani tangu 1960, walianza na magari ya miaka kumi kwenda juu, leo unaanza gari ikifika miaka mitatu, kila mwaka, na ukiangalia takwimu zao kila mara utakuta vinavyoangusha sana ni taa, saspensheni, breki na matairi. Vitu vinavyoisha, vinavyobadilishwa. Jirani zetu Rwanda wana kituo cha polisi pale Remera Kigali na gari ya binafsi inaenda kila mwaka, na bado unakutana na Corolla za zamani Kigali zinatembea safi.

Haya, tuingie chini ya gari.

Tulianza na breki. Gereji ya fundi wetu haina mashine ya rola kama ya kituoni, ile ambayo unapanda magurudumu mawili juu yake inayazungusha, unakanyaga, inasoma kila gurudumu lina nguvu kiasi gani. Ila mzee ana njia yake. Akainua nyuma kwa jeki, akaweka stendi, akaniambia ingia ukanyage. Nikakanyaga breki mpaka mwisho. Yeye akashika tairi la kulia, halisogei, zuri. Akaenda la kushoto, akalizungusha kwa mkono mmoja, polepole, likazunguka. Mimi nimekanyaga kwa mguu wote na tairi linazunguka kama gurudumu la baiskeli iliyogeuzwa! Shangazi alikuwa amesimama hapo na leso yake, akanyamaza tu. Hiyo gari ilikuwa imebeba wajukuu Jumapili iliyopita.

Alipofungua dramu tukaona. Silinda ndogo ya breki imevuja, mafuta yamelowesha breki shuu, vumbi jekundu limeshikana na hayo mafuta limekuwa kama matope ya tofali, na kile kidude cha kujirekebisha chenyewe kimeganda na kutu. Hii ndio hadithi ya gari ndogo nyingi za zamani, breki za mbele ni diski zinafanya kazi kubwa, dereva anasikia gari inasimama anadhani breki ziko sawa, kumbe nyuma upande mmoja umekufa miezi. Utajua siku ya mvua, ukikanyaga ghafla gari inajigeuza.

Na kwenye mashine hiyo ingeonekana sekunde moja. Mashine inaangalia mambo mawili, nguvu yote kwa jumla ukilinganisha na uzito wa gari, na tofauti ya kushoto na kulia. Kwa Waingereza gari ya zamani lazima breki ya mguu ifike asilimia 50 ya uzito. Starlet ina uzito wa kama kilo 800 hivi, kwa hiyo breki zote nne pamoja lazima zivute kama kilo 400, na breki ya mkono asilimia 16, yaani kilo 128 tu. Sio nyingi. Gari nyepesi ina faida hapa, haihitaji breki kubwa, na ikiwa kila kitu kiko safi inapita ikiwa na akiba. Ila kwenye ile tofauti ya upande na upande, wao wakikuta imezidi asilimia 30 kwenye ekseli moja umeanguka hata kama jumla yako ni nzuri, na hapo ndipo shangazi angeanguka vibaya sana, maana kulia ilikuwa inavuta na kushoto sifuri.

Dawa yake? Silinda ndogo, breki shuu seti moja, kusafisha, na mafuta mapya ya breki. Kazi ya asubuhi moja. Hayo mafuta ya breki nayo naomba niyasemee kidogo maana yanasahaulika kabisa, watu wanayaongeza yakipungua lakini hawayabadilishi. Yanavuta maji kutoka hewani, taratibu, mwaka baada ya mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzijoto 205, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Sasa wewe unateremka kutoka Kapchorwa kwenda Sironko, breki zimepata moto kona baada ya kona, mafuta yanachemka, yanakuwa na mapovu ya mvuke, unakanyaga pedali inaenda chini kama umekanyaga sponji. Hapo hakuna fundi. Yabadilishwe kila miaka miwili, ya kwenye Starlet ya shangazi yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala.

Matairi hatukukaa nayo sana. Starlet inavaa inchi 13, matairi madogo ya bei nafuu, hakuna sababu ya kuanguka kwa hilo. Ndani ya zile njia za tairi kuna vidonge vidogo vya mpira, tairi likiisha mpaka likalingana na hivyo vidonge umebaki na milimita 1.6 na nchi nyingi hapo ndio mwisho. Lakini kitu ambacho wengi hawaangalii ni umri wa tairi. Ubavuni tafuta neno DOT, mwisho wa yale maandishi kuna tarakimu nne kwenye kiduara, kwa mfano 2316, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la nyuma la shangazi lina njia ndefu, zuri kwa macho, alilinunua kama yuzdi, tarakimu zake zinasema lina miaka kumi na tatu, na ukilikunja ubavuni unaona nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Likipata moto na mzigo wa nyanya linaweza kupasuka. Hilo likatolewa.

Taa, hapa pia haraka haraka. Mkaguzi anaangalia zinawaka zote, hata ile ndogo ya namba, na anaangalia mwanga unapiga wapi. Gari zetu zimetoka Japani ambako wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo taa zimepangwa upande sahihi, hatuna ile shida ya magari ya Ulaya bara. Shida ni waya wa bodi uliopata kutu, unakuta taa moja inawaka hafifu na fundi wa umeme anakuuzia balbu tatu wakati angesafisha tu mahali waya unapoungana na bati. Shida ya pili, naisema kwa uchungu kwa sababu naendesha barabara ya Gulu usiku, ni hizi balbu nyeupe kali watu wanaweka ndani ya taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida ya wati 60 kwa 55. Kile kioo cha ndani hakikutengenezwa kwa hiyo balbu, mwanga unatawanyika, wewe unaona vizuri na anayekuja mbele haoni kitu. Kwenye ukaguzi wa kweli hiyo inaanguka na inastahili.

Saspensheni ndio ilikula mchana wetu. Barabara zetu zinakula chini ya gari, hilo halina ubishi, na gari ndogo ina ringi ndogo kwa hiyo ikiingia kwenye shimo inaingia yote. Fundi alichukua bomba refu la chuma, akaliingiza kati ya mkono wa chini na gurudumu, akanyanyua kidogo, tukasikia "tak". Boli jointi ya kulia, kile kiungo cha kati ya mkono wa chini na gurudumu. Hiyo tak ndogo ukiiona kwa macho ni kama milimita mbili tatu za mchezo, lakini ndiyo iliyoshika gurudumu lisichomoke. Mmeona magari barabarani Northern Bypass ya Kampala yamekaa gurudumu limelala kama mguu uliovunjika, nyingi ni hiyo. Kituoni wana sahani mbili za chuma zinazotingisha magurudumu kulia na kushoto huku mkaguzi yuko kwenye shimo na tochi, hakuna kinachojificha.

Bushi za mikono, ile mipira ya kwenye maungio, zilikuwa za mpira wa tairi la lori. Ndio, fundi mwingine huko nyuma alikata mpira wa tairi akautengeneza bushi. Sitaki kumlaumu mtu, nimeona kazi hiyo sehemu nyingi, na mwenye gari mara nyingi ndiye anayeomba iwe rahisi. Lakini bushi halisi imegandishwa na chuma ndani na nje, inajipinda inarudi, ule mpira wa tairi unasagika tu na kuacha nafasi, gurudumu linabadilisha mwelekeo kila ukikanyaga breki na ukienda kupima alaimenti wanakunyooshea leo kesho imerudi kulekule. Bushi mpya za Starlet bado zinapatikana Kisekka na Ndeeba, kwa sababu hizi gari zilikuwa nyingi. Huo ndio utajiri wa gari ya kawaida. Ukiwa na gari ndogo ya Ulaya ya umri huo, spea unasubiri ndege.

Kama umeinua gari kwa spesa juu ya springi ili isiguse matuta, angalia hizo spesa ni za nini. Nimeona za mbao.

Sasa tumefika pale ambapo gari ya zamani inaweza kweli kufa, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Kutu. Gari ndogo kama Starlet haina chesisi kama pikapu, bodi yenyewe ndio chesisi, mabati yamekunjwa na kuchomelewa pamoja, na nguvu yote iko kwenye ule mshipi wa bati uliofungwa kama sanduku chini ya milango, kwenye vile vikombe vinavyoshika shokapu za mbele, kwenye sakafu pale mikanda ya siti inapofungwa. Ukioza hapo, breki mpya na bushi mpya umezifunga kwenye biskuti. Waingereza wana kanuni nzuri, wanapima sentimita 30 kuzunguka mahali usukani, breki, saspensheni au mkanda umeshikiliwa, kutu kubwa ndani ya hiyo duara ni kuanguka, kutu ya mlangoni au ya boneti mbali na hapo ni sura tu, hawajali. Nadhani kila mwenye gari ya zamani angekuwa na hiyo sentimita 30 kichwani.

Sisi hatumwagi chumvi barabarani kama nchi za theluji, hiyo ni bahati kubwa na ndio sababu gari yenye miaka 25 hapa inaweza kuwa na bati zuri kuliko yenye miaka 12 ya Ulaya. Lakini mambo mawili yanatuharibia. Gari nyingine zimetoka Hokkaido na kaskazini ya Japani ambako chumvi inamwagwa kweli, zimefika hapa juu zinang'aa chini zimeshaanza kuoza. Na vumbi letu la murram, linaingia kwenye vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango, linaziba, mvua ikinyesha maji yanakaa ndani na udongo kama kwenye chungu cha maua, bati linaoza kutoka ndani kwenda nje. Siku ukiona doa dogo la kutu nje, ndani kumeshakwisha.

Fundi wetu ana sumaku, aliitoa kwenye spika mbovu ya redio, ameifunga kwenye kitambaa isikwaruze rangi. Akaipitisha polepole chini ya milango ya Starlet. Upande wa kulia sumaku inashika, inashika, inashika mpaka mwisho. Upande wa kushoto ikashika, ikashika, halafu karibu na gurudumu la nyuma ikaanguka chini. Akairudisha, ikaanguka tena. Kiganja kizima cha mkono hakuna bati, ni puti iliyopakwa rangi. Shangazi hakujua. Aliinunua hivyo, mtu alijaza shimo la kutu na puti, akapaka, akauza. Fundi akabonyeza kwa bisibisi, ikaingia. Na ni pale pale karibu na mahali mkono wa nyuma unapofungwa, yaani ndani ya zile sentimita 30.

Hapa ndipo uamuzi wa kuuza au kubaki nayo unapofanyika, wala hauko kwenye mwaka wa kutengenezwa. Shimo la kiganja kimoja, bati linalozunguka likiwa bado gumu, linakatwa, linachomelewa bati jipya la unene unaofaa, linapakwa dawa ya kutu, vitundu vinazibuliwa, gari inaendelea. Lakini ukikuta sumaku inaanguka kila mahali, vikombe vya shokapu vimepasuka, au gari ilipata ajali ikanyooshwa kwa mnyororo na mti hata milango haifungi sawa, hiyo mimi ningemwambia hata ndugu yangu aiache, asiweke shilingi nyingine.

Moshi niseme kidogo. Kampala hewa imechafuka, wale wa AirQo wa Makerere wameweka vipimo vyao mji mzima na kila mtu anaweza kuona, na gari za zamani zinalaumiwa. Lakini injini ya Starlet nyingi ni 1300, inakunywa kidogo, na ikitunzwa haina moshi wa kutisha. Moshi mweusi ni mafuta yanazidi hewa, anza na chujio la hewa na plagi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, hiyo ni pesa zaidi. Na tafadhali, kile kidude cha kusafisha moshi kwenye eksozi (katalisti), chenye kama sega la nyuki ndani, usikubali kukiuza. Kwenye gari iliyokuja nacho, bila hicho kupita kipimo cha moshi ni ndoto.

Kitu kinachoniuma ni namna pesa zinavyotumika. Shangazi mwaka jana alipaka rangi mpya, akaweka vitambaa vya siti, akanunua redio ya skrini. Fundi wa rangi alimsifia gari imekuwa mpya. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mama, breki yako ya nyuma haifanyi kazi, kwa sababu hakuna aliyeinua gari akaangalia. Na yeye angejuaje, yeye anaijua nyanya. Kama una gari ya zamani na una pesa kidogo, anza kwenye breki na mafuta yake, kisha matairi, kisha boli jointi na tairodi (fimbo za usukani), kisha bati la chini, taa utazimaliza katikati hapo, na rangi iwe ya mwisho kabisa hata isipofika zamu yake mwaka huu. Na uinue gari juu kila mwaka mara moja hata kama hakuna sheria inayokulazimisha, chagua tarehe utakayoikumbuka, shangazi amechagua wiki baada ya Idi.

Jioni ile tulibadilisha silinda na breki shuu pande zote mbili, mafuta mapya, boli jointi ikaingia, tairi lile la zamani likabaki gereji. Nikaingia tena nikakanyaga. Fundi akashika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka, halikusogea. Shangazi akaniuliza, "Sasa ile ya bati?" Nikamwambia mtu wa kuchomelea anakuja Jumanne, mpaka hapo nyanya zitapanda taksi, na Starlet ibaki uani.

"Na wajukuu?"

"Nao wapande taksi, shangazi. Mpaka Jumanne."